Mlango Uliofungwa Katika Nyumba ya Waliokataliwa



Juma hili tumeona vema kutafakari habari ambayo huenda wengi wenu mtashangaa kuikuta hapa. Ni habari ya wachezaji wa ubao wa magurudumu huko Marekani, mchezo ambao vijana wetu huuita skeitibodi. Tunajua kwamba wazee wa parokia watauliza haya yanatuhusu nini. Tunawaomba subira, kwa maana ndani yake mna swali ambalo jumuiya yoyote inayojisifu kwa ukarimu haina budi kujiuliza.

Mchezo huo ulizaliwa California katika miaka ya 1950, kwa vijana waliozoea kuteleza juu ya mawimbi na ambao walitaka kuteleza barabarani siku ambazo bahari ilikuwa shwari. Hauhitaji refa wala timu wala ada ya uanachama. Kijana ambaye hakuchaguliwa kucheza mpira shuleni, au ambaye nyumbani kwao hapakukalika, aliweza kuchukua ubao wake akaenda mtaani akakuta ndugu. Walinzi waliwafukuza kwenye ngazi za majengo ya mjini, na kule kufukuzwa kukawaunganisha zaidi. Ndipo wakajiona, na wakajitangaza, kuwa kimbilio la wale ambao ulimwengu umewakataa. Hatusemi kwamba walidanganya. Kwa wengi ilikuwa kweli tupu.

Lakini nyumba hiyo ilikuwa na mlango mmoja uliofungwa, nao ulifungwa kwa watu wanaovutiwa na watu wa jinsia yao.

Tumtazame Brian Anderson. Mwaka 1999 jarida la Thrasher, ambalo kwa wachezaji hao neno lake ni kama hati ya mfalme, lilimtangaza kuwa mchezaji bora wa mwaka. Alikuwa mrefu, mwenye nguvu, na aliruka ngazi ambazo wengine walizitazama tu. Hakuna aliyemtilia shaka. Mwezi Septemba 2016, akiwa na umri wa miaka 40, alisimama mbele ya kamera katika filamu fupi ya Vice Sports akasema kwamba yeye ni shoga. Miaka 17 ilikuwa imepita tangu apewe heshima ile. Baadhi ya wenzake wa karibu walikuwa wakijua zamani, nao walinyamaza pamoja naye. Alieleza kwamba tangu utotoni alilisikia tusi la kuwadhihaki mashoga likitupwa huku na huko mahali walipochezea, akajifunza mapema kuwa kulisema jambo lake ni hatari. Tena akakiri kwamba hasira ya kulificha ilimfanya acheze kwa ukali zaidi.

Neno hilo la mwisho ndilo lililotugusa. Watazamaji walishangilia ukali ule, wakanunua picha zake, wakaiga miruko yake, wala hawakujua walichokuwa wakishangilia.

Mtu anaweza kuuliza: kama yeye alikuwa bora kuliko wote, aliogopa nini? Hapa inatupasa kufahamu namna mkate unavyopatikana katika mchezo huo. Mchezaji wa kulipwa hana ligi inayomwajiri wala hategemei sana zawadi za mashindano. Kampuni huchapa jina lake juu ya mbao, nyingine huliweka kwenye viatu, na mapato yake hutegemea kama vijana wa miaka 13 au 14 watapenda kulivaa na kulikanyaga jina hilo. Auzacho ni sura yake. Akikosa kupendwa na watoto hao, hakuna anayehitaji kumfukuza kazi. Jina lake litaacha tu kuchapwa. Ndiyo maana kimya hakikuhitaji sheria. Kila mmoja alikitunza kwa kuhofia mkate wake, na wenye makampuni walikitunza kwa kuhofia mauzo yao, na hakuna aliyejihesabu kuwa mkatili.

Kwamba hofu hiyo haikuwa ndoto, tunaye shahidi. Mwaka 1998, kijana Tim Von Werne, aliyekuwa akipanda haraka katika mchezo huo, alifanyiwa mahojiano ya jarida, akasema bila kuficha kwamba yeye ni shoga. Waliokuwa wakimdhamini hawakutaka jambo hilo litajwe. Mahojiano hayakuchapishwa, naye muda si mrefu akaiacha njia ya mchezo wa kulipwa. Mwaka uliofuata ndio ule Anderson alipotangazwa kuwa bora. Hatuwezi kuingia moyoni mwake kujua alivyoipima habari ya mwenzake. Ila kila aliyekuwa na siri kama hiyo aliona kwamba katika ukurasa wa kijana yule palibaki patupu.

Jambo jingine linatushangaza. Jarida la Thrasher huchapishwa San Francisco, na katika miaka ya 1990 uwanja mmoja wa mji huo, kwenye mwisho wa barabara ya Market karibu na bahari, ulikuwa kama Makka ya wachezaji wa ubao. Ukiifuata barabara hiyohiyo kwa miguu, kwa mwendo wa saa moja hivi, unafika mtaa wa Castro, unaojulikana duniani kote kuwa makao ya mashoga. Barabara ni moja. Vijana walioteleza upande wa chini walijiita huru kuliko watu wote wa mji, na bado mmoja wao akitaka kusema kilichokuwa kikisemwa wazi upande wa juu, ilimbidi kuchagua kati ya ubao na ulimi wake.

Kwa wanawake mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Wao walikuwa wageni katika nyumba hiyo hata kabla ya kuulizwa wanampenda nani. Leo Baker alilelewa kama msichana, akashinda taji la dunia la wanawake la Street League mwaka 2016. Wafadhili walitaka mwanamke mwenye nywele ndefu na sura ya kuuzia nguo, naye hakujiona kuwa mwanamke kabisa. Alichaguliwa katika timu ya Marekani kwa ajili ya Olimpiki ya Tokyo, ambapo mchezo huo ungechezwa kwa mara ya kwanza, kisha akajiondoa, kwa kuwa kwenda kule kungemlazimu kusimama mbele ya dunia kwa jina na jinsia asizozikubali. Filamu ya maisha yake ilitolewa na Netflix mwaka 2022. (Lugha yetu ina heri yake hapa. Neno "yeye" halimdai mtu jinsia, na ugomvi ambao Waingereza wanao kuhusu kiwakilishi sisi umetupita.) Tunajua kwamba baadhi yenu mtasoma habari hii kwa mashaka, na sisi wenyewe hatuna majibu kwa kila swali lililomo. Lakini mtu anayeacha Olimpiki iliyo mkononi mwake ili asiseme uongo juu ya nafsi yake, hatuoni kwamba ni mtu wa kuchekwa.

Hatukuandika haya ili kubadili mafundisho ya Kanisa juu ya ndoa, ambayo mnayajua. Twakumbusha tu kwamba Katekisimu hiyohiyo, katika namba 2358, inaagiza watu hawa wapokewe kwa heshima na huruma, na wasibaguliwe isivyo haki. Mara nyingi tumeona waamini wakiikariri namba iliyotangulia kwa sauti kubwa na kuiruka hii.

Turudi kwenye mchezo. Baada ya mwaka 2016 wengi walisifu ujasiri wa Anderson, na walifanya vema. Wenzake walimpokea kwa furaha, na majarida yakamwandika kwa heshima. Hata hivyo tunaona sifa hizo zilikuwa rahisi mno. Kumpokea bingwa ambaye jina lake limekwisha kuuza mbao kwa miaka karibu 20 hakumgharimu mtu chochote. Alikuja na heshima yake mkononi, akailipia nafasi yake mwenyewe. Nani alimpokea yule ambaye hajaruka ngazi yoyote ya kutajika, anayeanguka kila mara na ambaye hakuna kampuni inayomjua?

Jibu halikutoka kwa wakubwa. Huko Oakland, ng'ambo ya ghuba ya San Francisco, msanii Jeffrey Cheung alianza kuchora mbao kwa mkono wake, akaanzisha pamoja na mwenzake Gabriel Ramirez kikundi kiitwacho Unity. Waliwaita watu kama wao waje kucheza pamoja, wanaojua na wasiojua, bila kudaiwa ustadi. Mwaka 2020 Leo Baker naye aliungana na Cher Strauberry na Stephen Ostrowski kuanzisha kampuni yao ya mbao, Glue. Tunasema wazi kwamba haya yametupendeza kuliko ile filamu ya bingwa, ingawa yalitazamwa na watu wachache zaidi.

Olimpiki ile ya Tokyo ilichezwa hatimaye mwaka 2021, baada ya kuahirishwa kwa ajili ya ugonjwa. Katika mashindano ya wanawake ya mtaani, Alexis Sablone wa Marekani alipata nafasi ya nne na Margielyn Didal wa Ufilipino akawa wa saba. Wote wawili hawakuwa wameficha kwamba wanavutiwa na wanawake wenzao, na siku ile watu walizungumza juu ya miruko yao.

Nasi tumekuwa tukifanya hesabu ndogo. Mvulana aliyekuwa na miaka 13 mwaka 1998, mwenye siri kama ya Von Werne, aliyefungua jarida lake kila mwezi akitafuta hata mtu mmoja anayefanana naye, alikuwa na miaka 31 Anderson alipozungumza. Huenda kufikia hapo ubao wake ulikuwa umekwisha kuozea uvunguni mwa kitanda, nyumbani kwa mama yake.