CHINI YA ZIWA SI SHIMO TUPU



Dhahabu ya Geita na Shinyanga ina ramani. Kati ya mwaka 1976 na 1980 ndege zilipita juu ya nchi yetu zikipima sumaku ya miamba, ili ijulikane madini yamejificha wapi. Je, mvuvi wa Ghuba ya Nungwe amewahi kuonyeshwa ramani ya mazalia ya samaki yaliyo mbele ya kijiji chake?

Swali hili si la anasa. Mvuvi akikamatwa na kokoro, wavu wake huchomwa moto hadharani. Hatukatai kwamba kokoro huharibu: hukokota sakafu ya ziwa na kubomoa viota ambavyo sato dume huchimba katika kina kifupi. Lakini kumwadhibu mtu kwa kuvuka mpaka asioonyeshwa si haki. Na matope na zebaki ziteremkazo na mvua kutoka machimboni, nani huzikamata?

Wapo wasemao kwamba ziwa ni kubwa mno, kilometa za mraba zipatazo 68,800. Nani atalipima lote? Hoja hii haisimami. Si lazima kumzamisha mtu kila mahali. Hupimwa yale yanayotawala uhai: kina, mwanga ufikao chini, nguvu ya mawimbi, oksijeni, na kama chini ni mwamba, mchanga au matope. Yakiunganishwa, hutabiri makazi ya viumbe hata pasipofikiwa. Uingereza ilipata ramani ya namna hiyo ya sakafu ya bahari yake mwaka 2006. Ziwa letu, ambalo kina chake kirefu ni meta 80 hivi, litashindikanaje?

Faida yake ni kubwa. Penye mawe huishi furu wasiozoea kwingine. Penye matope laini na maji tulivu ndipo zebaki hutuama. Vijidudu huigeuza kuwa sumu kali zaidi, nayo hupanda kwa samaki hadi sahanini mwetu. Ramani ingetuonyesha pa kupima kwanza. Hata Shinyanga, iliyo mbali na ufuko, haiwezi kukaa kimya: tangu mwaka 2009 inakunywa maji ya ziwa hili yaletwayo kwa bomba kutoka Ihelele.

Hata hivyo, utabiri si ushahidi. Vipimo peke yake hukosea, na mzee aliyetupa nyavu miaka arobaini anajua mawe ambayo chombo hakikuyaona. Ramani isiyosahihishwa na wavuvi, ikafungiwa kabatini, itakuwa fimbo nyingine ya mwenye nguvu.

Kwa hiyo tunadai mambo matatu: sakafu ya ziwa ichorwe, wavuvi waishiriki na kuisahihisha, ibandikwe katika kila mwalo, kwa Kiswahili. Kabla ya kuchoma wavu mwingine, mwenye sheria aweke ramani mezani.