Farasi wa Madaha na Ngoma Isiyo Hakimu

Wako wasomi, na baadhi yao ni rafiki zangu, ambao wakisikia kuwa katika Michezo ya Olimpiki hutolewa medali ya dhahabu kwa mpanda farasi ambaye farasi wake amepiga hatua kwa madaha, hucheka hata machozi yakawatoka. Husema kuwa dresaji, maana hilo ndilo jina la mchezo huo, si mashindano bali ni pambo la matajiri, na kwamba yafaa lifutwe. Nimekusudia kuwapinga. Siwapingi kwa mapenzi ya farasi. Nawapinga kwa sababu kicheko chao kikiachwa kivume kitatua Masasi chini ya majabali yake, na Newala juu ya uwanda wa Makonde, mahali ambapo farasi hajapata kuwa na makao.

Nakiri kuwa hoja yao ina chembe ya haki. Mchezo uitwao wa dunia unamtaka mnyama ambaye pande nyingi za dunia haziwezi kumfuga. Livingstone alipotua Mikindani mwaka 1866 na kuufuata mto Ruvuma, alikuja na ngamia, nyati wa kufugwa, baghala na punda, akitaka kujua ni yupi atakayemstahimili mbung'o. Kama ni kwa mbung'o, kama ni kwa mateso ya waswagaji, wengi wao walikufa njiani. Katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 farasi wa majeshi ya Waingereza walikufa kwa maelfu katika Afrika ya Mashariki kwa maradhi ya nzi huyo huyo. Basi kijana wa Newala hakunyimwa medali hiyo na uvivu wake. Alinyimwa na nzi.

Lakini kukosa farasi ni jambo moja, na kudharau sanaa ni jambo jingine. Tazama mchezo wenyewe. Kiwanja kina urefu wa mita 60 na upana wa mita 20. Farasi hutakiwa apige hatua palepale pasipo kusonga mbele, avuke kiwanja mshazari, ajizungushe juu ya miguu ya nyuma, na mkono wa mpandaji usionekane ukiamuru. Kila tendo hupewa alama yake, kutoka sifuri hadi kumi. Tangu mwaka 1996 washindani wa medali ya mtu mmoja huonyesha pia matendo waliyoyapanga wenyewe kwa kufuata muziki. Hiyo ni nini kama si ngoma? Anayesema kuwa mwili uliofundishwa miaka mingi kuitii midundo haustahili taji, amekwisha kumhukumu mcheza sindimba ambaye kiuno chake hujibu kila pigo, na mcheza mapiko aliyejificha nyuma ya kinyago, akisemezana na wapigaji kwa miguu.

Yasemwa tena kuwa hukumu ya madaha haina kweli, kwa kuwa haina saa wala utepe wa kupimia. Ni kweli kwamba dresaji imepata kuhukumu kwa aibu. Hata mwaka 1948 mchezo huo ulikuwa wa maofisa wa jeshi peke yao. Waswidi walishinda kwa pamoja mwaka huo, kisha wakapokonywa dhahabu yao, kwa sababu mwenzao mmoja, Gehnäll Persson, hakuwa ofisa wa kweli. Farasi wake hakuwa amekosea hatua. Aliyekosa ni mpandaji, naye alikosa cheo. Mlango ulipofunguliwa mwaka 1952, Lis Hartel wa Denmark, mwanamke ambaye polio ilikuwa imemlemaza miguu, alitwaa medali ya fedha. Mwaka 1956 baadhi ya waamuzi walionekana kuwapendelea watu wa mataifa yao. Je, mchezo ulifutwa? La. Walirekebishwa waamuzi, na tangu mwaka 2012 saba kati yao huketi pande mbalimbali za kiwanja. Hata mwaka 2024, Charlotte Dujardin wa Uingereza alipoonekana katika picha akimchapa farasi miguuni, alijitoa katika michezo ya Paris, kisha akafungiwa mwaka mmoja. Farasi hana ulimi, lakini yuko aliyemsemea.

Mcheza ngoma wetu ana ulimi. Ni nani amwulizaye? Nimeketi katika mashindano ya ngoma kusini, nikaona zawadi ikitolewa kwa wingi wa makofi na kwa haraka ya mgeni wa heshima. Kundi lililoshindwa liliuliza limekosea wapi. Hapakuwa na karatasi wala jibu. Sindimba baada ya uhuru ilipandishwa jukwaani ikawa fahari ya taifa zima. Ikakatwa iwatoshe wageni dakika chache, na wazee waliozifahamu hatua zake hawakuitwa kuwa waamuzi. Farasi huandikiwa alama ya kila tendo; Mmakonde hupigiwa makofi.

Nitajibiwa kuwa ngoma ni moyo, haiandikiki. Hilo ni neno tamu la mvivu. Kama hatua ya mnyama imeandikika, hatua ya binadamu haiwezi kushindikana. Wala sisemi siri za jando na unyago zitandazwe juu ya meza. Wenyewe ndio watakaochagua lipi lionekane na lipi lisitiriwe. Nadai mambo matatu tu: wanafunzi wetu waende Masasi na Newala wakaandike kwa wajuzi majina ya hatua na makosa yake, wajuzi hao waketi kuwa waamuzi, nao walipwe, na kila kundi lipewe kwa maandishi sababu ya hukumu yake.

Hayo yakitimia, acheke anayetaka kumcheka farasi. Kwa sasa farasi ndiye mwenye haki ya kutucheka sisi.