Tamko Kuhusu Kanuni za Moto kwa Roshani na Mbao za Nje, Mji Mkongwe wa Zanzibar

Sisi, mafundi seremala, wenye nyumba na wapangaji wa Mji Mkongwe, tunatoa tamko hili kwa mamlaka za ujenzi, hifadhi na zimamoto, na kwa wakaazi wenzetu.

Tunaunga mkono kanuni kali za moto. Vichochoro vyetu ni vyembamba, vingi haviingiliki kwa gari la zimamoto, na roshani zinazotazamana hukaribiana mno. Moto ukitoka dirishani, jirani hana muda.

Hata hivyo, tunapinga mbao zote kuhukumiwa kwa kosa moja. Mti mgumu kama msaji au mvule huungua polepole, takriban nusu milimita kwa dakika, na mkaa unaojijenga juu yake hukinga kiini. Nguzo nene ya roshani huendelea kubeba mzigo hata ikishika moto. Plaiwudi nyembamba iliyopigiliwa mbele ya ukuta, nyuma pakaachwa uwazi, ni hatari ya aina nyingine: uwazi ule huvuta moto juu kama dohani. London iliyaona hayo katika jengo la Grenfell mwaka 2017, walipofariki watu 72. Vibao vya pale vilikuwa vya alumini yenye plastiki ndani, na uwazi wa nyuma ukausaidia moto kupanda.

London hiyohiyo, iliyokwisha kuteketea mwaka 1666, ilitungiwa sheria ya kuzuia moto mwaka 1709 iliyotaka fremu za madirisha zirudi ndani ya ukuta inchi 4. Kipimo cha namna hiyo fundi anakielewa, na mkaguzi anakikagua kwa rula.

Kwa hiyo tunataka kanuni zitaje unene wa ubao, ziamuru uwazi uzibwe kila ghorofa, na zikataze nyaya za umeme kupigiliwa juu ya mbao kavu za zamani. Tunataka pia maji ya zimamoto yafikishwe vichochoroni. Mji Mkongwe umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000. Kung'oa roshani zake kwa jina la usalama ni hasara isiyorudishika.

Tunaomba seremala na mkaguzi wa zimamoto wakae pamoja kabla kanuni hazijaandikwa. Nasi tunaanza kwetu: kila mwanachama aondoe leo mtungi wa gesi na jiko la mkaa kwenye roshani yake.