Simu ya shule imfikie mzazi aliye ng'ambo ya Rusizi

Alfajiri, mama wa Kamembe ameshajipanga kwenye mpaka wa Rusizi ya Kwanza, beseni la nyanya kichwani na kibali mkononi. Mtoto amemwacha nyumbani akivaa sare. Darasa litaanza saa 2:30 asubuhi, kwa kuwa serikali ya Rwanda iliamua Novemba 2022 kwamba kuanzia Januari 2023 masomo yaanze saa hiyo na kumalizika saa 11:00 jioni. Shabaha mojawapo ilikuwa kuwapa wazazi nafasi ya kuwaandaa watoto wao asubuhi. Kwa anayeuza Bukavu, nafasi hiyo haipo. Mwalimu anapoita majina, mama keshafika soko la Kadutu anatafuta wateja.

Mtoto asipoitikia jina lake, nani anajua?

Mwalimu anajua, maana ameweka alama kwenye daftari la mahudhurio. Mama hajui. Huenda akajua mwisho wa muhula, ripoti ya alama ikifika nyumbani, wakati mtoto ameshapoteza wiki nzima akilea mdogo wake au akibeba mizigo ya watu karibu na daraja. Na mama huyo anavuka mto kila siku hasa kwa ajili ya kumsomesha mtoto huyo.

Si kwamba vifaa havipo. Wizara ya Elimu ina mfumo wa kompyuta uitwao SDMS unaohifadhi habari za wanafunzi na shule. Matokeo ya mitihani ya taifa mzazi huyapata kwa kutuma nambari ya mtahiniwa kwa ujumbe mfupi. Karo hulipwa kwa simu. Tangu 2024, kampeni ya Dusangire Lunch inamwezesha yeyote kuchangia chakula cha wanafunzi kwa simu yake. Yote hayo ni mazuri. Lakini inaonekana simu ya shule imejifunza kupokea fedha za mzazi upesi kuliko ilivyojifunza kumpa habari za mtoto.

Shule nyingi hutegemea kundi la WhatsApp. Kundi hilo linamfaa mzazi mwenye simu ya kisasa na vifurushi vya intaneti. Mfanyabiashara mdogo wa mpakani mara nyingi ana simu ya tochi na laini mbili, moja ya Rwanda na moja ya Congo. Akiwa ndani ya Bukavu, laini inayofanya kazi ni ya Congo, na shule haina nambari hiyo. Hata mwenye simu ya kisasa hufungua kundi usiku, akakuta salamu na picha nyingi, na tangazo la maana limezama katikati.

Dawa yake si programu mpya ya bei kubwa. Ni ujumbe mfupi wa kawaida kwa mzazi wa mtoto ambaye hakuonekana, utumwe kabla ya saa 4:00 asubuhi. Maneno yanatosha kuwa machache: mtoto hajafika leo, tafadhali piga simu. Mzazi asiyesoma vizuri apigiwe. Mwaka 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya Covid-19, masomo yalipitishwa redioni pia, kwa sababu redio inaingia hata katika nyumba isiyo na intaneti. Kifaa bora ni kile ambacho mzazi anacho.

Wapo watakaosema kwamba walimu wana kazi nyingi na shule hazina pesa. Ni kweli, darasa la watoto wengi linachosha. Lakini wanaokosa siku moja ni wachache, na ujumbe mfupi gharama yake ni ndogo. Kazi hiyo inaweza kufanywa ofisini mara moja kwa siku, kwa orodha kutoka kwa walimu wa madarasa, na kamati ya wazazi ikakubaliana namna ya kulipia.

Kuna mpaka mwingine usiopaswa kuvukwa. Alama za mtoto, utovu wake wa nidhamu au deni la karo la wazazi wake si habari za kubandikwa kwenye kundi la watu 60. Sheria ya Rwanda ya Oktoba 2021 inalinda taarifa binafsi za watu, watoto wakiwemo. Sokoni, aliyeaibishwa mbele ya wenzake hukwepa meza ya aliyemwaibisha. Mzazi naye hufanya vivyo hivyo kwa shule.

Wazazi nao wana wajibu. Mwanzoni mwa muhula, mfanyabiashara aipe shule nambari tatu: laini ya Rwanda, laini ya Congo, na ya jirani au ndugu anayebaki karibu na mtoto. Akibadilisha laini, aseme. Ujumbe ukifika, ajibu, hata kama mteja amesimama mbele yake. Shule ikituma na isijibiwe, itaacha kutuma.

Na jumuiya ya Afrika Mashariki ina deni hapa. Kenya, Uganda na Rwanda zilianza mwaka 2014 kupunguza gharama za kupiga simu kutoka nchi moja hadi nyingine. Congo ilijiunga na jumuiya mwaka 2022. Simu kutoka Kamembe kwenda Bukavu, miji inayotazamana ng'ambo na ng'ambo ya mto, inapaswa kuwa na bei ya simu ya nyumbani. Viongozi hupenda kupima utangamano kwa tani za mizigo. Mama wa Kadutu ataupima kwa jambo dogo zaidi: kama kabla ya saa 4:00 atajua mwanawe yuko darasani au hayupo.