Hofu ya bazazi baharini

Mzazi akipeleka watoto baharini na mashua ya tanga, roho inauliza: tukikutana na orka, ile nyama kubwa ya bahari, itakuwa namna gani? Sikieni habari ya jamaa Robertson wa Uingereza. Tarehe 15/6/1972, magharibi ya visiwa vya Galápagos, orka walitoboa mashua yao Lucette, ikazama mbio. Baba, mama, watoto watatu na kijana mmoja walikaa siku 38 juu ya maji, wakikunywa mvua na kula kobe. Wavuvi wa Japani wakawaokota, wote sita wazima. Tangu 2020, upande wa Hispania na Ureno, orka wanavunja usukani wa mashua. Njo maana wenye kujua wanashauri kupita karibu na inchi kavu. Bazazi, musifiche hofu. Mbele ya kutoka, kila mtoto ajue kazi yake siku ya taabu.