Motokari Mtoni: Maji Yaingiayo Ekselini kwa Siri

Kila mwaka mvua za Septemba zinaporudi katika milima ya Kivu, vijito ambavyo mwezi wa Julai mtoto wa shule alivivuka kwa kuruka juu ya mawe hugeuka kuwa mito yenye ngurumo. Msafiri atokaye Bukavu kwenda Uvira, akaendelea kando ya ziwa Tanganyika mpaka Baraka na Fizi, aijua vema habari hiyo, kwa maana upande ule maji hushuka milimani kwa haraka, hukata barabara, kisha huingia ziwani. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika mjini Uvira, ukachukua nyumba na watu. Tena mwanzoni mwa mwezi wa Mei 2023, maji na matope yaliwaangamiza mamia ya ndugu zetu wa Bushushu na Nyamukubi, katika Kalehe. Mbele ya maji ya namna hiyo hakuna ufundi wa motokari. Kuna kukimbilia mahali palipoinuka tu. Leo twazungumza juu ya mto wa kila siku, wenye maji ya kufika magotini au mapajani, ambao daraja lake limevunjika au halikujengwa kamwe, na ng'ambo yake kuna mama aliyeshikwa na uchungu, au dispensari inayongoja sanduku la chanjo.

Madereva wengi, wafikapo mtoni, huwaza injini peke yake. Wana haki, kwa sababu injini ikivuta maji hufa palepale. Lakini injini iliyozama hutangaza msiba wake mbele ya watu wote. Ekseli haisemi neno. Motokari huvuka salama, watu hupiga makofi, dereva hunywa chai yake. Baada ya majuma matatu au manne, mahali pakavu kabisa, mbali na mto na mbali na fundi, huanza mlio wa kusaga, na siku ya pili gurudumu halizunguki tena. Ndipo husema, “Motokari hii imerogwa.” Haikurogwa. Ilikunywa maji siku ile ya mtoni.

Ekseli, ambayo mafundi wetu huiita ponti kwa jina la Kifaransa, ni lile bomba nene la chuma liendalo toka gurudumu la kushoto mpaka la kulia. Katikati yake pamevimba kama kibuyu, na mle ndani hukaa meno ya difu yanayogawanya nguvu kwa magurudumu mawili. Meno hayo huogelea katika mafuta mazito ya gia. Kwenye kila ncha kuna pete ya mpira izuiayo mafuta yasitoke. Angalieni neno hilo: yasitoke. Pete ile ilitengenezwa kwa kuzuia mafuta ya ndani. Mdomo wake umeelekea ndani. Haikutengenezwa kushindana na maji yanayovutwa toka nje.

Yanavutwaje? Ninyi wanafunzi mwaweza kujionea wenyewe. Chukueni chupa tupu, suuzeni ndani yake kwa maji ya moto mpaka chupa yenyewe ipate joto, mwageni maji, kisha igeuzeni upesi mdomo wake ukaingia katika beseni la maji baridi. Ngojeni kidogo. Mtaona maji ya beseni yanapanda shingoni mwa chupa, ingawa hakuna aliyeyasukuma. Hewa ya ndani ilikuwa imepanuka kwa joto. Sasa imepoa na kupungua nguvu, na hewa ya nje inayasukuma maji kujaza mahali pake.

Ekseli ni chupa hiyohiyo. Imetembea saa tatu katika vumbi na mawe, mafuta yake yamefika labda joto la digrii 80. Ghafula inatumbukia katika maji ya mlimani yenye digrii 20 na kitu. Hewa ikishuka toka digrii 80 mpaka 25 pasipo njia ya kupumua, nguvu yake hupungua karibu sehemu moja kwa sita. Maji yenye kina cha nusu mita yenyewe hayasukumi hata theluthi moja ya nguvu hiyo. Maana yake, adui mkubwa wa ekseli si kina cha mto. Ni joto lake yenyewe linapozimwa kwa ghafula. Wako wanaojivuna kwamba motokari yao ni ndefu. Urefu hausaidii sana, kwa kuwa ekseli hukaa katikati ya gurudumu, na gurudumu la 7.50-16 lililozoeleka katika misioni lina kitovu chake karibu sentimeta 40 tu juu ya ardhi. Kitabu cha Land Rover Defender ya zamani kilimruhusu dereva kuingia maji ya sentimeta 50. Basi hata kwa ruhusa ya kiwanda ekseli imekwisha kuzama.

Waliounda motokari hizo walijua jambo hili. Land Rover ilionyeshwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948, na mzazi wa Toyota Land Cruiser alitengenezwa Ujapani mwaka 1951. Tangu zamani ekseli za namna hii zina kipumulio juu yake, kijitundu chenye kofia ndogo kiwezeshacho hewa kutoka ikipata joto na kuingia ikipoa. Kidude hicho si kikubwa kuliko kifuniko cha kalamu, na ndicho kisahauliwacho kuliko vyote. Matope hukikausha, kutu hukishika, hata kofia haigeuki tena kwa kidole. Kikiziba, ekseli ikipata joto hutapika mafuta kupitia pete za mpira, nayo huenda kuchafua breki; ikipoa, hunyonya maji kwa njia ileile. Kwa hiyo ukiona mafuta upande wa ndani wa gurudumu, usikimbilie kununua pete mpya kabla ya kutazama kipumulio. Fundi atakayebadili pete na kuacha kipumulio kimeziba atakula fedha zako mara ya pili baada ya miezi michache.

Tena kuna wanaokiziba kwa makusudi, kwa kijiti au kipande cha mpira, wakisema wanazuia maji. Hilo ni kosa baya kuliko kuacha. Heri kipumulio kilicho wazi chini ya maji kuliko ekseli iliyofungwa pande zote, kwa maana iliyofungwa itavunja pete zake tu.

Dawa yenyewe ni rahisi, na bei yake haifiki hata ya gurudumu moja. Kipumulio cha zamani hufunguliwa, baada ya kupangusa vizuri matope yote yaliyokizunguka, ili mchanga usianguke ndani. Mahali pake hutiwa kichwa cha shaba chenye skrubu ileile na shingo ya kushika mpira. Kisha mpira mwembamba, wenye tundu la milimeta 6 au 8, wa namna isiyoharibiwa na mafuta, hupandishwa toka ekselini, kando ya fremu, mpaka ndani ya chumba cha injini, karibu na kioo, mahali palipo juu kuliko maji yoyote ambayo mtu mwenye akili angeingia. Ncha yake ya juu huinamishwa chini na kuvikwa kichujio kidogo, vumbi lisiingie. Haizibwi. Ekseli ya mbele na ya nyuma zapata kila moja mpira wake. Na penye uwezo, hata sanduku la gia na lile la kugawanya nguvu mbele na nyuma, kwa maana nayo hupumua.

Hapa fundi mvivu hujulikana. Ekseli hupanda na kushuka siku nzima juu ya springi zake, wala fremu haishuki pamoja nayo. Basi mpira uliovutwa na kukazwa kama uzi wa gita utang'oka penye shimo la kwanza. Uachwe na mkunjo wa kutosha, usipite karibu na bomba la moshi, usibanwe mahali. Kazi ikiisha, mtu apulize taratibu kwa mdomo toka ncha ya juu, na mwingine asikilize chini kabla ya kufunga. Ni bora kutotumia pampu kubwa ya magurudumu, maana nguvu yake yaweza kuzing'oa pete tunazotaka kuzilinda.

Pete nazo zitazamwe kabla ya mvua, si baada yake. Katika ekseli ya mbele kuna mipira miwili mikubwa ya chuma inayong'aa, ambayo magurudumu huzungukia yanapokata kona. Ukipitisha kucha juu yake na kukuta vishimo vya kutu, ujue pete ya hapo inakatwa kama kwa kisu kila usukani unapogeuzwa. Beringi za magurudumu zipakwe grisi mpya, zijae vizuri kati ya vyuma vyake, si kupakwa nje tu kama mtoto anayepakwa mafuta kwenda Misa. Kisha gurudumu liinuliwe kwa jeki, lishikwe juu na chini, litikiswe. Likicheza, kuna mlango wa maji.

Katika motokari nyingi mmeona picha ya Mtakatifu Kristofori, ambaye Kanisa lamkumbuka tarehe 25 Julai. Mapokeo yasema alikuwa akivusha watu mtoni mabegani mwake, na usiku mmoja akamvusha Mtoto aliyemlemea kuliko ulimwengu wote. Wengi hutazama Mtoto, na ni haki. Lakini tazameni pia mkono wa mtakatifu: mwenye picha hakusahau kumchorea fimbo ndefu. Hata yeye aliyekuwa jitu hakuingia majini bila kuyapima.

Dereva naye na ashuke. Apime kwa mti mrefu, penye maji yasiyo na mamba, akitazama alama za magurudumu ya waliotangulia. Ikiwa mtu mzima hawezi kusimama katika mkondo ule, motokari isiingie. Maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimeta 60 huweza kuichukua motokari kama boga. Wakati wa kungoja si wakati uliopotea. Vijito vya milimani hujaa upesi na hupungua upesi, mara nyingi ndani ya saa chache, na nusu saa chini ya mti huipoza ekseli kiasi cha kuondoa hatari kubwa tuliyoieleza hapo juu. Kisha gia ndogo, mwendo wa mtu atembeaye, wala asisimame katikati.

Neno moja kwa wakubwa wa motokari, wawe walimu, waganga, wafanya biashara, hata mapadri. Mara nyingi anayeketi karibu na dereva ndiye amwambiaye, “Twende, tumechelewa!” Naye dereva, kwa heshima au kwa kuogopa kazi yake, huingia. Ekseli ikivunjika mwezi ujao, mshahara wake ndio unaokatwa. Twaona si haki. Mbele ya maji, dereva ndiye mkubwa. Akisema tungoje, baba mkubwa na angoje, asome sala zake.

Baada ya kuvuka, kazi haijaisha. Breki zikanyagwe taratibu mara kadhaa zikauke. Jioni motokari isimame mahali sawa usiku kucha, kwa sababu maji ni mazito kuliko mafuta, nayo hushuka chini kimyakimya. Asubuhi, kabla ya kuwasha injini, kizibo cha chini cha ekseli kilegezwe kidogo tu. Kikitoa tone la maji kwanza, habari imejulikana. Na kama motokari ilikwisha kutembea, maji na mafuta yamesagwa pamoja, nayo hutoka na rangi ya kahawa yenye maziwa. Mafuta ya namna hiyo hayashiki tena katikati ya meno. Chuma hugusa chuma, na kutu huanza katika beringi hata motokari ikiwa imelala.

Yamwagwe yote. Lakini kabla ya kufungua kizibo cha chini, ufungue kwanza kile cha juu cha kujazia. Wako waliomwaga mafuta yote, kisha wakakuta kizibo cha juu kimeshikwa na kutu, wakabaki na ekseli tupu siku ya safari. Kizibo cha sumaku kikiwa na uji wa kijivu, usiogope, ni uchakavu wa kawaida. Kikiwa na vipande vya chuma, mwite fundi. Jaza mafuta mapya ya gia, 80W-90 au yale yanayotajwa na kitabu cha motokari yako, mpaka yafike ukingoni mwa tundu la juu. Tembea kilometa chache, ukague tena. Yakigeuka rangi tena, badilisha mara ya pili. Najua bei ya mafuta. Najua pia bei ya meno ya difu, na siku ambazo sanduku lake hungojwa toka Bujumbura au Dar es Salaam huku wagonjwa wakibebwa kwa machela.

Wengine huyaacha yale mafuta ya maziwa katika ndoo yatulie, wakayarudisha. Maji yaliyosagwa hayatoki yote kwa kutulia, na yale yaliyobaki huendelea na kazi yake. Wala yasimwagwe mtoni, kwa maana chini ya kivuko kuna akina mama wanaochota. Yatiwe katika kopo na kufunikwa. Seremala atayahitaji kupaka miguu ya nguzo zisiliwe na mchwa.

Juma lijalo tutajibu walioandika kuuliza juu ya betri zinazokufa wakati wa baridi ya Juni.