Tumbo Langu Halijui Machi

Mwaka jana, mwezi wa nane, nilimtumia mhariri mmoja wa Nairobi makala kuhusu endometriosisi. Nilikuwa nimeiandika nikiwa nimelala kwenye sakafu, kwa sababu saruji ni baridi na baridi inasaidia kidogo. Alijibu siku hiyo hiyo, kwa heshima zote: kazi safi, tuiweke Machi, si unajua kuna ile wiki ya wanawake?

Tumbo langu halijui Machi, bosi. Linajua kila baada ya siku ishirini na sita.

Naishi Kihunguro, Ruiru, tangu niache chuo. Watu wakiniuliza kwa nini niliacha huwa nasema karo, maana karo ni jibu ambalo mtu yeyote wa Thika Road analielewa bila kuongeza swali. Karo ilikuwemo, sikatai. Lakini nilikosa pia mitihani miwili nikiwa nimejikunja chooni, na nilipoomba barua ya daktari ili nifanye baadaye, daktari alicheka. Si kicheko kibaya, kile cha mjomba. Akasema hedhi si ugonjwa, na kwamba nikizaa itaisha. Nilikuwa na miaka ishirini. Nilitoka pale na dawa za maumivu na ushauri wa kutafuta mtoto, vyote kwa pumzi moja.

Jina la ugonjwa nililipata kwa runinga. Njambi Koikai, yule mtangazaji wa reggae tuliyemwita Fyah Mummah Jahmby, alikaa mbele ya kamera akaeleza kwamba tishu zinazofanana na zile za ndani ya mji wa mimba zinaweza kuota nje yake, kwenye ovari, kwenye utumbo, na kwake yeye hadi kifuani, mapafu yakawa yanasinyaa akiwa kwenye siku zake. Maumivu yalimwanza akiwa msichana wa miaka kumi na mitatu. Ilibidi Wakenya wamchangie, na mwaka 2018 akaenda Atlanta, Marekani, kutibiwa. Alifanyiwa upasuaji zaidi ya mara ishirini maishani mwake. Alirudi akaendelea kusema, kila mahali, hata pale watu walipokuwa wanataka tu acheze muziki. Alifariki tarehe 3 Juni 2024.

Sasa nieleze hivi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu mwanamke mmoja kati ya kumi walio katika umri wa kuzaa ana huu ugonjwa. Mmoja kati ya kumi! Hesabu abiria wa matatu moja ya Ruiru jioni, halafu uniambie hii ni habari ya wiki moja. Na bado ilibidi mtangazaji wa redio afanye kazi ya wizara nzima, akiwa mgonjwa, kwa pumzi ya mapafu yaliyotobolewa mara kadhaa.

Mama yangu alichuma kahawa Ruiru kabla mashamba hayajageuzwa kuwa maghorofa, kisha akalimia watu mananasi upande wa Thika. Nilipomweleza ninachougua alinyamaza sana, halafu akaniambia jinsi alivyokuwa anafunga leso mbili tumboni, moja juu ya nyingine, anakaza mpaka anashindwa kuinama vizuri, kisha anainama hivyo hivyo kwa sababu mshahara ulikuwa wa kilo. "Tulivumilia," akasema. Alisema kama mtu anayeonyesha cheti. Sikumjibu, ni mama yangu. Lakini hapa nitajibu: huo uvumilivu ulikuwa wizi. Kuna mtu alikula faida ya ile leso.

Ukitaka kujua vyombo vyetu vya habari vinatuonaje, panda matatu Makongeni saa kumi na mbili asubuhi, usikilize redio hadi Allsops. Mada ni ileile miaka nenda rudi: wanawake wa siku hizi wanapenda pesa, wanawake wa siku hizi hawapiki, mpigie simu mumeo tumtege. Machi 2021 watangazaji wa kituo kimoja cha Nairobi walimjadili mwanamke aliyesema alisukumwa kutoka ghorofa ya kumi na mbili na mwanamume aliyemkataa, wakaona kosa ni lake, ati alijirahisisha. Walifutwa kazi, ndiyo. Lakini kumbuka mpangilio wa mambo. Kampuni ya bia iliondoa matangazo yake. Ni pesa iliyotuonea huruma.

Na wanasiasa? Wao wamegundua sodo. Kenya iliondoa ushuru wa sodo mwaka 2004, na sheria ya 2017 inaitaka serikali iwape bure wasichana wa shule za umma. Sheria nzuri, na mimi niliwahi kukatia matambara, kwa hivyo siidharau hata kidogo. Ila angalia picha: mheshimiwa, katoni, wasichana kwenye mstari, makofi. Sodo inapigwa picha. Kamera ya kuingiza tumboni ili daktari aone kinachoota ndani, hiyo haina mstari wa makofi. Sodo inazuia damu, haitibu kinachoifanya iume.

Hapo ndipo wenzangu wa harakati huniambia: chagua wanawake. Sawa, lakini tusidanganyane. Mwaka 2013 Thika Town ilimchagua Alice Ng'ang'a na Ruiru ikamchagua Esther Gathogo, wanawake wawili kwenye majimbo mawili, na Thika ikamrudisha Alice 2022. Binafsi sijaona hospitali zikibadilisha wanavyoongea na msichana mwenye maumivu. Na tarehe 14 Februari 2023, Gloria Orwoba alipoingia Seneti na doa jekundu kwenye suti nyeupe, waliolalamika hawakuwa wanaume peke yao. Spika akamwambia akabadilishe nguo ndipo arudi. Bunge zima, na tatizo likawa nguo.

Hata hivyo sitakubali ile hoja ya uvivu kwamba basi viti havina maana. Katiba ya 2010, kifungu cha 27, inasema jinsia moja isizidi theluthi mbili kwenye vyombo vya kuchaguliwa. Bunge likakataa kutunga sheria ya kutekeleza hilo hadi Jaji Mkuu David Maraga, Septemba 2020, akamshauri rais alivunje. Halikuvunjwa. Watu walioapa kwa Katiba walikaa juu yake kama mkeka. Mtu anayeweza kupuuza kifungu cha 27 mchana kweupe atashindwaje kupuuza kifungu cha 43, kinachotaja haki ya afya, afya ya uzazi ikiwemo?

Najua kuna jamaa anasoma hapa anasema, "Mbona kila kitu wanawake? Hata sisi tunaumwa." Pole, kaka, na uende hospitali. Huko hakuna atakayekuambia uzae.

Ninachotaka ni vitu vya kawaida sana. Nataka nesi wa kituo kidogo, si bingwa wa Nairobi, ajue maswali ya kumuuliza msichana anayezimia kila mwezi. Nataka upasuaji wa kugundua huu ugonjwa usiwe wa wenye pesa. SHA ilipoanza, sisi tusio na mwajiri tulitakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa mpigo, na mimi hulipwa kwa makala, zikichapishwa. Nataka mwalimu wa zamu asimwambie mtoto anajifanya. Na wewe mtangazaji wa asubuhi, dakika kumi tu, Jumanne yoyote, kati ya wimbo na wimbo.

Ile makala mhariri aliichapisha Machi, kama alivyoahidi. Waliweka utepe wa njano pembeni. Aprili nikamwandikia nyingine kuhusu mama na leso zake, na mpaka leo hajajibu.